Jinsi ya Kulinda Mikono Unaposaga Bapa la Kisu: Mwongozo Kamili wa Karakana

Mafundi wanaojifunza kutengeneza visu huumia mikono kwa namna tatu, na ni zile zile kila mara: ngozi ya vidole kuchubuliwa na mkanda wa msasa, vidole kuungua kwa joto la chuma, na viganja kukatwa na bapa lenyewe linapokwama na kuponyoka. Wengi wao walikuwa wamevaa glavu. Baadhi waliumia kwa sababu ya glavu hizo, kwani mtu akishaamini kwamba glavu itamlinda huacha kushughulikia joto, mshiko na mpangilio wa mashine, ambavyo ndivyo vinavyoamua hali ya vidole vyake mwisho wa siku.

Maelezo yanayofuata yanahusu mashine ya mkanda wa msasa, ambayo ndiyo inayofaa zaidi kusagia bapa, pamoja na grainda ya jiwe ya mezani. Grainda ya kushika mkononi ina hatari zake na kanuni zake, kwa hiyo haimo humu.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuwasha mashine

- Ndoo pana ya maji, iliyo karibu kiasi cha kufikiwa bila kupiga hatua, lakini mbali na swichi na nyaya za umeme.
- Mikanda mipya ya msasa yenye namba tofauti, kwa mfano 36 au 60 kwa kuondoa chuma kingi, 120 kwa kulainisha, na 220 na zaidi kwa kumalizia.
- Kijiti cha kusukumia, yaani kipande cha mti mgumu chenye urefu wa sentimita 20 hadi 25, kilichochongwa kidato chenye kina cha milimita 3 au 4 kwenye ncha moja.
- Kibanio au koleo la kujifunga, kwa ajili ya vipande vidogo.
- Tupa ya kati, kwa ajili ya kufuta kona kali.
- Utepe wa gundi wa karatasi, wa upana wa sentimita 2 au zaidi.
- Glavu nyembamba za nitrili za kutumia mara moja, zinazobana mkono.
- Glavu nene za ngozi, ambazo kazi yake itaelezwa hapa chini na si kusaga.
- Miwani ya kinga, barakoa ya vumbi, aproni, na viatu vilivyofunika vidole vya miguu.
- Sanduku la huduma ya kwanza lenye bendeji, shashi safi na kibano kidogo.

Kijiti cha kusukumia ndicho ambacho wengi hukiruka, ingawa hakigharimu zaidi ya kipande cha mti na dakika kumi za kuchonga. Usianze bila hicho.

## Glavu: zipi, na wakati gani

Mkanda wa msasa unaokwenda kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde hupita urefu wa chumba kikubwa kabla hujapepesa macho vizuri. Ukigusa kidole kitupu, mkanda huo huchuna ngozi na kidole hurudi nyuma kabla hata mwenyewe hajaamua kukirudisha. Jeraha hilo linauma na linachukua muda kupona, lakini kidole kinabaki. Ukigusa glavu nene ya kitambaa au ya ngozi, unaweza kuinasa na kuivuta ndani ya nafasi iliyopo kati ya mkanda na kiegemeo, yaani kibao cha chuma kinachoegemezewa bapa, na mkono ulio ndani ya glavu hiyo unafuata. Hapo hakuna muda wa kuuchomoa.

Glavu zinazostahimili kukatwa, zile zilizofumwa kwa nyuzi kama za Kevlar, huonekana kuwa suluhisho, kumbe karibu na mashine inayozunguka ndizo mbaya kuliko zote. Sifa yake ni kutokuchanika, na unaponaswa na mashine unachohitaji ni kitu kinachochanika upesi.

Kwa hiyo kanuni ni hii: mashine ikiwa inazunguka, mikono huwa mitupu, au huvaa glavu nyembamba za nitrili zinazobana na zinazoraruka kirahisi. Nitrili haizuii joto wala makali. Faida yake ni kuzuia vumbi la chuma na maji machafu yasiingie kwenye mikwaruzo midogo, na kufanya bapa lililolowa lisiteleze. Glavu nene za ngozi zivaliwe mashine ikiwa imezimwa na kusimama kabisa, yaani unapobeba vipande vilivyokatwa vyenye kingo kali, unapofanya kazi ya tanuru, au unaposafisha chini ya mashine.

Mkanganyiko mwingi unatokana na grainda ya mkononi, ambako mikono yote miwili hushika mashine yenyewe na glavu imara huruhusiwa. Kwenye mashine ya mkanda, mikono hushika bapa na hulipeleka kwenye kitu kinachozunguka. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kanuni ya moja haihami kwenda kwa nyingine.

## Hatua ya 1: Andaa mikono na mavazi

Vua pete, saa na bangili. Kunja mikono ya shati hadi juu ya kiwiko na uikaze, au vaa shati la mikono mifupi. Funga nyuzi za aproni nyuma ya mwili, si mbele. Kucha ndefu zikatwe, kwa sababu ukucha ukigusa mkanda hung'oka kuanzia ncha kuelekea kwenye nyama.

Ikiwa una jeraha bichi kidoleni, lifunge kwa plasta inayobana na uvae nitrili juu yake. Kipande cha bendeji kinachoning'inia ni sawa na uzi wa glavu: kitashikwa.

## Hatua ya 2: Panga mashine ikiwa imezimwa

Chomoa plagi kwanza, kisha angalia nafasi kati ya kiegemeo na msasa. Kwenye grainda ya jiwe, nafasi hiyo isizidi milimita 3. Jiwe huliwa kadiri linavyotumika, kwa hiyo kiegemeo kilichokuwa sawa mwezi uliopita huenda leo kimeacha mwanya wa kutosha kuingiza ncha ya kisu pamoja na kidole kinachoishika. Kwenye mashine ya mkanda, sogeza kiegemeo hadi nafasi iwe milimita 2 au chini ya hapo. Kama unasaga mteremko wa makali, yaani uso unaokonda kuelekea kwenye makali, kwa mikono bila kuegemeza, kiondoe kiegemeo kabisa, maana kiegemeo kisichotumika ni mtego tu.

Jiwe jipya lichunguzwe kabla ya kufungwa. Lining'inize na uligonge polepole kwa mpini wa mti: lililo zima hulia kwa sauti safi, na lililopasuka hutoa sauti butu. Baada ya kulifunga, liache lizunguke kwa angalau dakika moja huku umesimama pembeni yake.

Angalia pia ukingo wa mkanda mpya wa msasa. Ukingo huo hukata kama msumeno, na ndio unaochana pembeni mwa vidole vya watu ambao wanaapa kwamba hawakugusa msasa. Rudisha plagi, washa mashine kwa kasi ndogo na uguse ukingo huo kwa kipande cha chuma chakavu kwa sekunde chache, upande mmoja kisha mwingine, hadi ulainike.

Mwisho, jaribu swichi. Unatakiwa uweze kuzima mashine bila kupitisha mkono mbele ya mkanda. Swichi ya mguu ni bora zaidi, kwani mikono yote miwili hubaki kwenye bapa hadi mkanda usimame.

Utajua umefaulu ikiwa mkanda unakwenda bila kuhama kushoto wala kulia, kiegemeo hakitikisiki, na unaweza kuzima mashine ukiwa umefumba macho.

## Hatua ya 3: Futa kona kali za bapa kabla ya kulisaga

Bapa lililotoka kukatwa lina kingo zenye mabaki membamba ya chuma yanayochoma kama miiba. Mtu hulishika hivyo hivyo, akiamini kuwa halijawa kisu bado, kisha anashangaa damu inatoka wapi.

Libane kwenye jiliwa, chukua tupa, na upitishe mara mbili au tatu kwenye kila kona ya mgongo na ya mkia, yaani ile sehemu itakayoingia kwenye mpini. Huhitaji kuviringisha kona. Inatosha kuondoa ule ukali. Kama muundo wa kisu unaruhusu, acha ncha ikiwa butu kwa sasa, na uifikishe kwenye umbo lake la mwisho mwishoni mwa kazi. Ncha kali mapema haikusaidii chochote wakati wa kusaga mteremko, na ndiyo inayochoma kiganja pale bapa linapogeuka.

Pitisha kidole gumba polepole kukatiza kona, si kuufuata urefu wake. Kama ngozi haikwaruziki, endelea.

## Hatua ya 4: Jenga mshiko

Mkono mmoja hushika mkia wa bapa. Mkono wa pili haugusi bapa, bali hushika kijiti cha kusukumia. Kidato cha kijiti hukaa chini ya mgongo wa kisu, na uso wa kijiti hubonyeza upande wa nyuma wa bapa, mkabala na pale msasa unapokata. Nguvu ya kubonyeza hutoka kwenye kijiti. Mkono wa mkia kazi yake ni kuongoza pembe tu.

Sababu ya mpangilio huu ni rahisi. Anayebonyeza kwa vidole huviweka sentimita moja au mbili kutoka kwenye msasa, tena huviegemeza kwa uzito wake kuelekea huko huko. Siku bapa likiteleza, uzito huo huendelea na safari. Kijiti kikiteleza, kinacholiwa ni mti.

Bana viwiko kwenye mbavu na simama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega. Bapa lisogezwe kwa kuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Mikono inayoelea hewani hutikisika, na bapa linalotikisika ndilo linalodaka ukingo wa mkanda.

Kwa bapa dogo, kwa mfano la kisu cha kumenyea, mkia hauwezi kutosha mkononi. Lifunge kwa kibanio au kwa skrubu kwenye kipande cha mti chenye mpini. Wapo wanaotumia sumaku kali, nami sipingi kwa kazi nyepesi, ila sumaku za kawaida za neodimia huanza kupungua nguvu zikipita takriban nyuzi 80 za Selsiasi, na hujaa vumbi la chuma linalofanya bapa lisikae sawa. Kibanio hakina tabia hizo.

Kabla ya kuwasha, fanya mwendo mzima mara tatu mashine ikiwa imezimwa, kutoka kwenye mkia hadi kwenye ncha, huku ukitazama kila kidole kilipo wakati bapa linapofika mwisho. Ukiona kidole chochote kiko mbele ya mkanda bila bapa kati yake na msasa, badilisha mshiko.

## Hatua ya 5: Pitisha bapa

Kwenye mashine nyingi, mkanda hushuka kuelekea chini upande unaokukabili. Washa, subiri kasi itulie, kisha gusisha bapa polepole likiwa limelala sawa. Kwa mwanzo tumia kasi ndogo. Fundi mwenye mashine ya kubadilisha kasi hana sababu ya kukimbilia kasi ya juu kabla mikono haijazoea.

Anza karibu na mkia na uvute kuelekea kwenye ncha. Ncha ikifika katikati ya upana wa mkanda, punguza msukumo na uliondoe bapa. Usiruhusu ncha ipite ukingo wa mkanda. Ikipita, eneo linaloguswa hupungua ghafla, msukumo wote huangukia sehemu nyembamba, ncha huungua na kupoteza umbo, na mkono uliokuwa ukisukuma hukosa kitu cha kuuzuia. Majeraha mengi ya ngozi ninayoyafahamu, likiwemo langu mwenyewe kwenye kifundo cha kidole cha kati, yametokea katika ile nusu sekunde ya mwisho.

Katika hatua hii makali hutazama juu, kwa hiyo acha unene wa kama milimita 1 kwenye ukingo wa makali hadi chuma kitakapotiwa ugumu, yaani kuchomwa tanuruni na kupozwa haraka. Ukingo mwembamba uliotazama juu dhidi ya mkanda unaoshuka unaweza kudakwa na kurushwa chini.

Na ukirushwa, usiudake. Kisu kinachoanguka huachwa kianguke. Rudisha mikono kifuani, piga hatua nyuma, zima mashine, ndipo uinamie. Zoezi hili lifanye kwa makusudi kwa kuangusha kijiti mara kadhaa, kwani mkono una mazoea ya kudaka na hauulizi ruhusa.

## Hatua ya 6: Tawala joto

Hapa ndipo wanaoanza wanaposhindwa zaidi. Bapa likianza kuchoma vidole, hukimbilia glavu nene, ilhali joto hilo ni taarifa wanayoihitaji. Ngozi huanza kuuma ikigusa kitu chenye takriban nyuzi 45 za Selsiasi, na kwenye nyuzi 60 mguso wa sekunde chache tu unatosha kuunguza. Chuma kilichokwisha kutiwa ugumu huanza kulegea kikipita joto lililotumika kukirudisha kidogo kutoka ugumu wake wa juu, ambalo kwa visu vingi vya chuma cha kaboni huwa karibu na nyuzi 200. Kwa hiyo vidole vitupu hukuonya mapema, wakati bapa bado liko salama. Aliyevaa glavu nene huonywa na rangi: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 200 na kidogo, kisha buluu karibu na nyuzi 300, ambapo makali yamekwisha kuharibika na ncha inaweza kuunguza chochote inachogusa.

Utaratibu ni huu. Chovya bapa lote ndani ya ndoo, litoe likiwa limelowa, na lisage bila kulifuta. Tazama matone ya maji yaliyobaki juu ya bapa, karibu na pale unaposaga. Yakianza kukauka au kuchemka, acha na uchovye tena. Baada ya chuma kutiwa ugumu, chovya kila baada ya mpito mmoja, na karibu na ncha hata kabla mpito haujaisha, maana hapo chuma ni kidogo na joto halina pa kwenda.

Usisubiri bapa liwe la moto sana ndipo ulitie majini. Kulipoza ghafla kutoka joto kali kunaweza kuacha nyufa ndogo kwenye makali, na ule mvuke huunguza vidole vyako wewe.

Chuma kisichoshika kutu kinahitaji uangalifu wa ziada. Husafirisha joto polepole kuliko chuma cha kaboni, hivyo mkia unaweza kuwa wa baridi mkononi huku ncha ikiwa inawaka. Mara kwa mara sogeza nyuma ya kidole karibu na ncha, bila kuigusa, ili uhisi joto lake.

Lakini chanzo kikubwa cha joto ni msasa uliochoka. Msasa mpya hukata na kutupa joto jingi pamoja na cheche. Uliochoka husugua tu, fundi huongeza nguvu, na nguvu hiyo hugeuka joto na kuteleza. Ukiona cheche zimepungua ingawa unabonyeza zaidi, mkanda umekwisha. Anayeubana mkanda mmoja kwa visu vitano ili asinunue mwingine analipa kwa ngozi ya vidole, na mimi siiti hiyo kubana matumizi.

Kausha mikono kwa kitambaa kabla ya kugusa swichi au plagi yoyote.

Ukifanya sawasawa, utamaliza upande mzima wa bapa bila kuhitaji kubadilisha mshiko kwa sababu ya maumivu, na bapa halitakuwa na doa la rangi popote.

## Hatua ya 7: Bapa linapoanza kukata

Kuanzia mkanda wa namba 120 kwenda juu, unashika kisu, hata kama bado hakina mpini. Kila unapokiweka chini, funika makali kwa tabaka mbili au tatu za utepe wa karatasi, na kunja ncha ndani ya utepe. Unapotoboa matundu ya riveti, yaani pini za chuma zinazoshikilia mpini, au kubandika mpini, utepe huo ubaki mahali pake. Kisu kisichofunikwa kinachozungushwa na keekee ya mashine ya kutobolea ni hatari kwa kila aliye karibu, kwa hiyo kibane pia kwenye meza na usikishike kwa mkono.

Unapofika kwenye kunoa makali ya mwisho kwa mkanda, geuza mwelekeo: makali yatazame chini, mkanda uyakimbie badala ya kuyajia. Makali yaliyokamilika yakitazama juu huuchana mkanda, na mkanda uliokatika hurudi kwa kishindo kwenye vifundo vya mikono.

Mabaki membamba yanayojikunja ukingoni baada ya kunoa yasiondolewe kwa kidole gumba. Buruta makali kwenye kipande cha ngozi au mti laini.

## Hatua ya 8: Gurudumu la kung'arisha

Gurudumu la kitambaa huonekana pole kuliko msasa, na kwa sababu hiyo mafundi wazoefu huliogopa kuliko mashine nyingine zote karakanani. Hudaka kona yoyote inayolikabili na kukirusha kisu kwa nguvu zake zote.

Fanya kazi kwenye robo ya chini ya gurudumu, chini ya usawa wa mhimili, mahali ambapo kitambaa kinaondoka kwako. Makali yafuate mwelekeo wa mzunguko, yasiukabili kamwe. Ng'arisha nusu ya bapa iliyo mbali na mkono, geuza kisu, kisha malizia iliyobaki. Usitie glavu, usivungirishie kisu kitambaa, na kama kisu kina kona za ndani au tundu, king'arishe kwa mkono kwa msasa wa karatasi. Kwa visu vyenye ncha nyembamba sana mimi hutumia msasa wa karatasi tu, hata ikichukua saa mbili.

## Ukiumia pamoja na yote haya

Zima mashine kwanza.

Kuungua: weka sehemu iliyoungua chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Maji ya ndoo ya karakana yamejaa vumbi la chuma na hayafai. Usipake mafuta, dawa ya meno wala barafu, na usipasue malengelenge.

Kuchubuliwa na mkanda: jeraha hili huingiza chembe za msasa na chuma ndani ya nyama. Lioshe kwa maji mengi na sabuni, hata likiuma, ondoa chembe zinazoonekana kwa kibano, na ulifunike kwa shashi safi. Chembe zilizozama aachiwe mhudumu wa afya.

Kukatwa: bonyeza kwa shashi bila kufungua kuangalia kwa angalau dakika 10 na uinue mkono juu ya usawa wa moyo. Damu isipokoma, kidole kikishindwa kukunjika au kunyooka, au ncha yake ikiwa na ganzi, nenda hospitali mara moja, kwa sababu huenda mshipa wa damu, kano au neva imeguswa.

Kwa jeraha lolote lenye uchafu, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda ikiwa imepita miaka 5 tangu uchanjwe mara ya mwisho, au kama hukumbuki ulichanjwa lini.